Kinachoanguka Usiku Ploti ya Nyuma

Ko. Halafu krrr, kitu kinaviringika kwa simiti mpaka kinagonga mlango, halafu kimya. Hiyo sauti ya usiku wa manane ndiyo ilikuwa habari ya asubuhi kwa benchi ya Asho wa kahawa, hapa nyuma ya soko la mbuzi Kitengela, na mimi nilikuwa nimekaa mwisho wa benchi, mtoto mkono wa kulia, wa kushoto nimeuficha ndani ya leso, naomba Mungu waongee mambo ya maji, ya bei ya mbuzi, chochote, kwa sababu hiyo sauti ni mimi. Kiharusi kilinipata mtoto akiwa mchanga kabisa, na tangu hapo huu mkono hausikii, nikiutuma mbele unaruka kando, na umekonda mpaka bangili inatoka yenyewe. Daktari wa mazoezi aliniambia misuli isipofanya kazi inaisha, kwa hivyo niinue kikombe cha bati chenye mahindi, niweke, niinue tena. Mama mkwe akasema mkono mgonjwa ni wa kupumzishwa, na akinipata naulazimisha atamchukua mtoto akakae naye kwake Tuala. Kwa hivyo mimi hungoja Bedan, bwanangu, aende kazi yake ya ulinzi usiku, asije akamwambia mamake, ndio naanza.

— Mimi nalala ukuta wa pili, akasema Mowlid, yule tunaita Mizani kwa sababu akiinua mbuzi anakwambia kilo. Hiyo ni paka.

— Paka gani anaviringika? Huyu ni Joram, Wakili, alishinda kesi moja ya shamba na hajawahi kunyamaza. Hiyo ni panya wa mtaro amebeba kiazi.

— Kiazi hakilii hivyo. Hiyo ni bati.

— Basi amebeba sufuria.

— Wakili, kunywa kahawa.

— Hapana, nisikilize. Hapa kulikuwa kwa wanyama kabla ya hizi ploti. Wanarudi. Hiyo ni nungunungu anajikung'uta.

— Nungunungu amelipa deposit?

— Mimi nasema ni landlord, akasema Asho. Anachimba maji usiku atuuzie mchana.

— Na kinachoviringika mpaka mlangoni?

— Ni yeye. Si umemwona alivyo?

Tukacheka, hata mimi, na nilicheka mpaka nikasahau. Asho alikuwa ananyoosha kikombe changu cha bati akiweke kwa benchi kama kila siku, wote walishazoea kutonipatia kitu mkononi, na mkono wa kushoto ukatoka kwa leso wenyewe, ukakishika. Niliona vidole vikijikunja. Kikapanda, kikafika karibu na kidevu, halafu mkono ukaruka kando.

Ko. Krrr, mpaka kwa mlango wa bucha.

Mowlid aliangalia kikombe, akaangalia mkono wangu, mwembamba hivyo, bado uko hewani.

— Kumbe, akasema polepole.

Na mama mkwe ndiye huyo, amefika kutoka Tuala, anatokea kona ya bucha na blanketi mpya ya mtoto kwapani.

— Ni nini hiyo imeanguka?

Wakili akaanza kuhesabu sarafu zake. Asho akapangusa chupa ya kahawa iliyokuwa safi.

— Nyakio, umechomeka?

— Hapana, Mama.

Aliangalia kahawa chini, akaniangalia, nikajua sasa atanyoosha mikono amchukue. Akarekebisha tu kofia ya mtoto.

— Naenda kuweka maji aoge. Usikawie.

Tulimwangalia mpaka akaingia kwa geti. Mowlid akaenda akaokota kikombe, akakifuta na shuka lake, Asho akatia kahawa robo tu, akakiweka upande wangu wa kushoto.

— Kila asubuhi, akasema Asho. Mtoto nitashika mimi.

— Na usiku? akauliza Wakili.

— Usiku si ulisema ni nungunungu? Mowlid akakaa, akavuta shuka lake. Basi ni nungunungu. Hata nyanya ya huyu mtoto mwenyewe akiniuliza. Endelea na kazi yako, mama, hatuambii mtu mwingine.