Vigelegele vya Chumba cha Kubadilishia Nguo

Tumsifu Yesu Kristo. Wazee wangu, shikamooni. Mwenyekiti wa jumuiya yetu amenisumbua tangu Kwaresima nisimame niseme yaliyonipata, na leo nimeishiwa visingizio.

Wengi hapa Rulenge mnajua nilicheza mpira wa kulipwa. Nilikuwa beki wa kati kwenye timu ya ligi kuu, mbali na huku. Nikija likizo mlinichinjia kuku. Kilichonirudisha moja kwa moja mlikijua nusu tu.

Ndugu zangu, timu ile ilikuwa inashinda, nisiwadanganye. Tulikula pamoja, tulisali pamoja, Waislamu na Wakristo, na mechi ikiwa ngumu hakuna aliyemkimbia mwenzake. Ila tulikuwa na desturi moja. Mchezaji akienda kwa daktari wa timu kusema anaumwa, akirudi chumba cha kubadilishia nguo tunampigia vigelegele. Wanaume wazima, mnisamehe. Tunamwita bibi harusi, tunamtandikia taulo apite juu yake. Kocha anacheka, anasema huo ndio moyo wa ushindi. Na sauti yangu, nawaambia, ndiyo ilikuwa kubwa kuliko zote.

Basi goti langu la kulia likaanza. Mwanzoni liliuma asubuhi tu, baadaye hata kupanda ngazi ikawa kazi. Nikawa nanunua dawa za maumivu mwenyewe, duka la mbali na kambi, na bandeji naificha chini ya bukta ndefu ya kubana. Mnadhani niliogopa kupoteza namba? Kidogo. Nililoogopa hasa ni lile taulo.

Mama yangu hakuwahi kuniona nikicheza. Msimu ule nikamtumia nauli, akapanda basi kutoka huku kwetu Ngara na mfuko wa maharage, kana kwamba huko niliko hayaliwi. Akakaa jukwaani. Kipindi cha pili niliruka kupiga kichwa, nikatua vibaya, goti likageukia lisikotakiwa. Nilitolewa kwa machela.

Hospitalini mama akaniuliza, "Ulikuwa unachechemea tangu mnaingia uwanjani. Mimi nisiyejua mpira nimekuona. Wenzako hawakuona?"

Nikamjibu, "Waliona, mama."

Hakuuliza tena. Jibu lile linaniuma mpaka leo, maana na mimi niliwahi kuona wenzangu wakichechemea, nikanyamaza vilevile.

Nikapasuliwa, mkataba ukaisha, nikarudi nyumbani. Na hapa nikaendelea na ujinga uleule. Nilipoacha magongo, mkiniuliza hali, nasema safi kabisa.

Ikafika siku ya ikibiri, ile kazi yetu ya kulima pamoja, leo shamba la huyu, kesho la yule. Mama mmoja anayeongoza mstari, yuko hapa na simtaji maana atanigombeza, akaniona nabaki nyuma.

"Mwanangu, goti linauma?"

"Hapana, mama. Niko sawa."

"Sisi hapa anayeumwa anasema, tunampa kazi nyingine. Asiyesema analima juujuu, maharage hayaoti, halafu tunalaumiana. Haya, nakuuliza tena."

Nikasema linauma. Nikasubiri vigelegele. Yeye akanipa bakuli la mbegu, nikawa nawafuata polepole nadondosha kwenye mashimo, na mstari ukaendelea na hadithi zake za harusi ya kule Ntobeye. Hakuna hata mmoja aliyegeuka kunitazama. Nililia, ndugu zangu, nikasingizia vumbi.

Sasa nafundisha timu ya kata. Tunabadilishia nguo darasani, na kabla ya mechi namuuliza kila mchezaji anaumwa wapi. Juzi winga wetu tegemeo akasema nyama za paja zinamvuta. Nikamweka benchi, tukafungwa, na mashabiki wakanisema mpaka sokoni. Jumatatu nilimwona anaendesha baiskeli na mkungu wa ndizi nyuma, anapiga mluzi. Nilimwonea wivu kidogo.

Sitawaambia kwamba nimesahau. Mechi zikioneshwa kwenye televisheni, beki akiruka kupiga kichwa mimi hutazama pembeni. Nilikuwa bado na misimu mizuri mbele yangu. Niliitupa kwa kuogopa kuchekwa, na hairudi.

Namshukuru mama, aliyeniona toka jukwaani. Namshukuru kiongozi wa mstari. Nawashukuru ninyi mlioniletea kuni na maziwa nilipotembelea magongo, wala hamkuniuliza kama nitacheza tena. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, lakini mimi nilikuwa na timu nzima ya kunisaidia kuyaficha. Kwa hiyo ombi langu ni dogo: mkimwona mtu anachechemea, muulizeni. Akisema hapana, muulizeni tena.

Nilikuwa na mengine ya kusema. Lakini nimesimama muda mrefu, na goti linauma. Naombeni kiti.