Mfupa wa Nyonga Ndani ya Wayo

Kijiwe chetu ni benchi moja mbele ya meza yangu ya kushonea viatu, pamoja na birika la kahawa. Asubuhi hiyo Tarishi alirudi baada ya miezi sita, magongo kayaacha nyumbani. Wayo wake wa kulia uliporomoka katikati miaka mingi iliyopita. Miezi hiyo sita alikuwa anauguza upasuaji: daktari alikata kipande cha mfupa nyongani, akakipachika pale na kukibana kwa skrubu. Jumatatu anarudi kazini kusambaza barua. Lakini alikuja anachechemea, vibaya kuliko zamani.

— Picha ya eksirei inaonyesha mfupa umeunga, alisema, akijishusha kwenye benchi. Sasa mbona naenda upande?

Redio, mlinzi mstaafu anayejua kila kitu, hakumwacha hata apige funda moja.

— Huo mfupa wa nyonga, ndugu yangu. Maisha yake yote kazi yake kukaa. Leo unaambiwa ukanyage lami, utakubali?

— Tena umekumbuka kwao, Kinyozi wa kibanda cha jirani akadakia. Kila hatua unapanda kidogo kurudi juu.

— Na nikilala?

— Hapo ndipo pa kuogopa, Redio alisema. Utaamka wayo uko kiunoni.

— Nyie chekeni tu. Nikienda hivi Jumatatu, mkoba wangu anapewa mwingine.

Nikamjazia kikombe, nikamtuliza:

— Kiatu usikitilie shaka. Wiki jana nimekipiga soli mpya, kwa vipimo vyako vilevile.

Kulikuwa na mama mmoja, mgeni kabisa pale, anasubiri viatu vya shule vya mwanawe.

— Samahanini, kaka zangu. Hivyo vipimo ni vya kabla ya upasuaji au baada?

Redio aliangalia ndani ya kikombe chake. Masikio yangu yaliwaka moto. Miaka minane nimekuwa nikiinua upande wa ndani wa kile kiatu kwa vipande vya ngozi, kuufuata wayo ulioporomoka, na wiki jana niliongeza kingine.

— Vua, nilimwambia.

Alivua, akaenda peku mpaka kona, taratibu, akarudi. Mguu umenyooka. Akaenda tena bila kuambiwa, safari hii na kahawa mkononi, isimwagike hata tone. Nilicheka mpaka machozi yakanitoka, wala sikuyafuta.

Redio akasema alijua tangu mwanzo. Nilimwacha aseme. Nilikuwa nabandua ngozi za miaka minane, kipande baada ya kipande, na Tarishi alikuwa bado anatembea.