Mzee Kaza Hakwenda Stoo

Ijumaa hii, tarehe 28 Juni, mkerezaji wetu Mzee Kaza anavua aproni baada ya kuitumikia karakana hii miaka thelathini na mitatu. Mimi nilikuwa nimeshaanza kuchemsha chai hapa alipoingia, kijana mwembamba kama fito, shati limechomekwa utadhani anakwenda kuposa. Kwa hiyo nitamsema alivyo. Anayetaka sifa za kupakwa sukari amtafute mwandishi mwingine.

Alianza na tupa, kusugua kingo za vyuma vilivyokatwa na wenzake. Baadaye mkerezaji wa zamani akamwita kwenye mashine iliyo kona ya dirishani, akamwonyesha jinsi chuma kinavyozungushwa na kisu kinavyokisogelea polepole kukinyoa. Tangu siku hiyo hakubanduka. Shafti za pampu, bushi za magurudumu, roda za vinu vya kusaga: kama ni cha mviringo na kinazunguka mahali fulani mjini hapa, basi huenda kimepita mikononi mwake. Wenye vinu walikuja na kipande kilichovunjika wamekifunga kwenye kitambaa kama mgonjwa, na mlangoni waliuliza jambo moja tu: yupo?

Jina la Kaza tulimpa sisi. Huyu bwana hajui kufunga kitu nusunusu. Siku moja alifunga kifuniko cha chupa ya chai, watu wazima wanne wakashindwa kukifungua, tukakaa na kiu mpaka aliporudi kutoka msalani. Bomba la kunawia akilifunga yeye, anayefuata aende na koleo. Nilimwambia mara nyingi, mdogo wangu, kuna vitu vinataka nguvu na vingine vinataka adabu. Akacheka, akaendelea kukaza.

Miaka mitatu iliyopita macho yalianza kumwacha. Hakumwambia mtu hapa kazini. Alipewa miwani, lakini mvuke wa maji ya kupoozea chuma uliipaka ukungu, akaivua akaitia mfukoni. Akawa anainama. Kila mwezi anazidi kuinama, hadi paji la uso likakaribia zile taya za mashine zinazoshika chuma kikizunguka. Nilimfokea mbele ya watu kwamba mashine hiyo haina undugu, itamnyonyoa kichwa kama kuku. Akaninunia. Lakini mficha maradhi, kilio humuumbua. Msimamizi naye akamwona, akaizima mashine kwa mkono wake mwenyewe.

Msimamizi hakuwa mbaya. Alisema hawezi kumrudisha mtu kwa mkewe akiwa vipande. Akampa wiki moja: atafute njia ya kuiona kazi yake akiwa amesimama wima, la sivyo ahamie stoo kugawa spana mpaka astaafu. Jamani, kumweka mkerezaji stoo ni kumwajiri mpishi alinde sufuria tupu. Siku hiyo Kaza aliacha chai yake ikapoa. Hajawahi.

Wazo lilikuwa lake. Simu ina jicho, na jicho hilo linakuza. Ikiwekwa jirani na ncha ya kisu, yeye atasimama pembeni na kutazama kioo. Shida ilikuwa kuishikisha. Kwanza aliifunga kwa ukanda wa mpira wa tairi juu ya kitako cha sumaku. Sumaku ikavuta vumbi lote la chuma, simu ikaota ndevu, halafu ikateleza ikazama kwenye maji ya kupoozea. Na simu yenyewe ilikuwa ya binti yake. Binti alipiga kwenye simu ya msimamizi, akamsema baba yake mpaka tuliokuwa mbali tukasikia, nasi tukajifanya tunafagia.

Sasa, mke wake alipiga picha za harusi miaka mingi. Vifaa vyake vinalala kwenye mkoba chini ya kitanda, na hata watoto hawavigusi. Kaza akaufungua mkoba ule bila ruhusa. Akatoa kibano cha kamera, mkono wenye maungo unaokunjika kila upande, na kishikio cha simu cha kufungwa mwishoni. Akaja navyo kazini, akabana kibano kwenye mlingoti wa taa ya mashine, halafu, wanangu, akachukua spana. Skrubu ya kamera, nyembamba kama kidole cha mtoto, akaikaza kama nati ya lori. Tukasikia ta! Kishikio kikapasuka katikati.

Kesho yake mama akatokea, mkoba begani, hasalimii mtu. Akaokota vile vipande, akavipanga kiganjani.

"Baba watoto, hiki kimetulisha wakati mshahara wako unaishia njiani. Ulikuwa unakikaza, au unafunga mlango wa jela?"

Kaza, mtu mzima na mvi zake, akatazama viatu. Nilimpa mama kiti na chai. Akanywa nusu, akainuka, akaomba mashine iwashwe. Akaishikilia simu yake mwenyewe juu ya ule mkono wa kamera, akaona picha inavyotetemeka kwenye kioo, akasonya. Kamera, alisema, haisimami juu ya kitu kinachocheza. Akakiondoa kibano kwenye mlingoti wa taa, akakibana kwenye bomba la chuma lililofungwa ukutani nyuma ya mashine, ambako mtetemo haufiki. Akatoa kishikio cha akiba, akakifunga kwa vidole viwili. Kisha akamshika mumewe mkono, akamfanya afungue na kufunga, afungue na kufunga, mpaka vidole vikajua pa kuachia. Karakana nzima ilisimama kutazama. Mchomeleaji akathubutu: "Shemeji, ukimaliza hapo, mfundishe na chupa ya chai!" Hata mama mwenyewe akacheka, na hapo ndipo nilipojua amemsamehe.

Wiki ilipoisha, msimamizi akaleta shafti ya pampu ya maji ya zahanati, kazi isiyo na masihara. Kaza akasimama wima, mikono kwenye mashine, macho kwenye kioo, ambako ncha ya kisu ilionekana nene kama jembe. Alipomaliza, msimamizi akapima upande huu, akapima upande ule, akarudia tena. Akakirudisha kipimo kwenye boksi lake, akasema, "Stoo nitatafuta mtu mwingine."

Siku hizi hata mashine ya kutoboa ina jicho lake, na kila anayekifunga kibano hukifunga kwa vidole viwili. Karakana imenunua vifaa vyake. Vya mama vinarudi nyumbani, kwa amri, na ameshasema atavihesabu.

Sherehe imepangwa saa nane mchana. Lakini kuna mwenye kinu anayengoja shafti yake siku hiyohiyo, na Kaza amekula kiapo kwamba haachi kazi katikati, awepo mgeni rasmi asiwepo. Basi wageni wetu, mkikuta kiti chake cha mbele kitupu, msiulize. Kaeni, kunyweni chai. Yupo kona ya dirishani, kwenye mashine yake. Tutaanza akimaliza.

Asante, mdogo wangu, kwa kila kinachozunguka mjini hapa kwa sababu yako. Unatoka hapa na mgongo ulionyooka na vidole vyako vyote kumi, na wakerezaji wangapi wamebahatika hivyo? Maisha yako ya mbele yawe mema na marefu, na mkeo asichoke kukuona nyumbani mchana.