Kioo Nilichokataa Kioshwe

Mheshimiwa Afisa wa Ushirika wa Kaunti, Bwana Mwenyekiti Boaz Ogeto pamoja na kamati yako, Mchungaji uliyetufungulia kwa maombi, wageni wetu mliosafiri kutoka Migori, wanachama mliotoka Lambwe alfajiri na ng'ombe mkawaachia majirani, madereva wenzangu, mafundi wa karakana, mabibi na mabwana: nawasalimu nyote kwa heshima.

Kwa wasionijua, mimi ni Cephas Wangwe. Nimeendesha malori ya ushirika huu wa maziwa kwa miaka ishirini na miwili, nikipakia hapa Homa Bay na kushusha Migori, na mwisho wa mwezi huu nastaafu. Mwenyekiti aliniomba nizungumze kwa niaba ya madereva, nikisifu kifaa hiki tunachokizindua. Nitakisifu, maana kinastahili. Baada ya hapo nina neno langu mwenyewe. Mwenyekiti nilimweleza jana mchana ofisini kwake. Akaniambia, "Wangwe, lisemwe." Kwa hiyo msidhani nimemvizia.

Mnakiona pale langoni. Lori likifika na magurudumu ya mbele yakakanyaga bamba lile la chuma, fremu inashuka yenyewe mbele ya kioo, maji ya sabuni yananyunyizwa, halafu kifaa kinatulia. Kinatulia kweli, mpaka mgeni anaweza kudhani kimeharibika. Kisha brashi ile ndefu inapita kutoka kushoto kwenda kulia na kurudi, maji safi yanasuuza, ndipo mti wa lango unainuka. Mpaka kioo kiwe kimeoshwa, huwezi kutoka. Hakuna wa kumpungia mkono, hakuna wa kumwambia una haraka.

Kimeundwa na fundi wetu wa umeme, Liz Moraa, aliyeketi pale nyuma akijificha. Liz, simama watu wakuone. Mota aliitoa kwenye waipa za basi lililokufa, pampu aliiomba kwa mtu wa kunyunyizia dawa mashamba, na maji ni ya mvua kutoka paa la bohari. Asanteni, mpigieni makofi, anastahili.

Wageni wetu wa Migori huenda mnajiuliza: kwani kioo cha gari ni jambo la kuitia mkutano? Sisi tunaoishi kando ya ziwa tunajua. Kuna asubuhi wale wadudu wadogo wa ziwani wanatoka majini kwa wingi mpaka unadhani ni moshi. Hawaumi mtu. Lakini ukipita katikati yao wanabaki kwenye kioo, na ukiwasha waipa wanapakaa kama uji, na jua la saa moja likipiga pale, huoni kitu. Unaendesha kwa mazoea, ukiomba Mungu barabara iwe kama ulivyoiacha jana.

Kabla ya kifaa hiki, kazi hiyo ilikuwa ya Mama Zilpah Awuor. Wanachama wa zamani mnamkumbuka. Alikuja na ndoo yake na ngazi ndogo, akaosha vioo vya malori saba kabla jua halijapanda, na hakuna lori lake lililotoka na alama. Alinisalimia kila siku kwa salamu ya asubuhi ya kwao, "Oyawore, Wangwe," nami nikamjibu, ingawa Kijaluo changu mimi Mkuria kilimchekesha mpaka mwisho.

Sasa nifike pale panaponiuma.

Miaka sita iliyopita, asubuhi moja ya mwezi wa tatu, nilichelewa kuamka. Nilipowasha lori, Mama Zilpah alikuwa ameshaweka ngazi. Kioo kilikuwa kimejaa wadudu, maana upepo wa ziwani ulivuma kuelekea kwetu tangu alfajiri. Akaniambia, "Subiri kidogo, hiki si cha kutoka nacho." Nikamwambia, "Toa ngazi, nimechelewa." Akasema, "Wangwe, dakika mbili tu." Nikapiga honi. Alitoa ngazi, na nilipopita langoni nilimwona kwenye kioo cha pembeni, amesimama na ndoo yake mkononi, ananiangalia.

Saa moja na dakika chache, kwenye barabara ya kwenda Rongo, nikiwa nimekabili jua, niliwasha waipa. Kioo chote kikawa cheupe. Nilipaswa kusimama. Madereva, mnajua nilipaswa kusimama. Nilijiambia kona iliyo mbele naijua, nitaipita kisha nisimame. Katika kona ile Mwalimu Gichana Omwenga alikuwa anavuka barabara akisukuma baiskeli, madaftari ya wanafunzi yamefungwa nyuma. Sikumwona. Nilisikia tu.

Mwalimu hakufa, namshukuru Mungu kila siku. Lakini alilala hospitali miezi minne, na mguu wake wa kushoto ukakatwa chini ya goti. Mwalimu yuko hapa leo, safu ya pili, kwa hiari yake. Nilimwambia asije kama itamtesa. Akanijibu kwamba barabara ile anaivuka kila siku, hotuba yangu haitamshinda.

Ndugu zangu, mlipoitwa katika mkutano wa wanachama kuulizana nini kilitokea, mnakumbuka nilichosema? Nilisema kioo kilikuwa kichafu. Neno hilo lilikuwa kweli, na nimejificha nyuma yake miaka sita. Mkauliza, kazi ya kuosha kioo ni ya nani? Mkajibiwa, ni ya Zilpah. Mama Zilpah akasimama akasema, "Niliweka ngazi, Wangwe akakataa." Mwenyekiti wa wakati ule, marehemu sasa, akanigeukia: "Wangwe, ni kweli?" Nikamjibu, "Sikumbuki vizuri, ilikuwa asubuhi ya haraka."

Nilikumbuka. Nilikumbuka mpaka rangi ya ile ndoo. Niliogopa leseni, niliogopa jela, niliogopa kurudi nyumbani Isebania kumwambia mke wangu kwamba mtu amekatwa mguu kwa sababu mimi nilishindwa kungoja. Basi nikamwacha mama wa watu abebe.

Mkamfukuza kazi kwa uzembe. Siwalaumu, mliamua kwa mlichoambiwa. Lakini jueni kilichofuata, maana mimi nilikijua siku zote. Binti yake Cate alikatiza masomo ya uuguzi mwaka mzima. Kanisani kuna waliomwita mama wa kile kioo, na akienda kisimani wenzake walinyamaza. Alikaa Homa Bay miezi minane, kisha akafunga virago akahamia kwa dada yake Suna, pale pale Migori, akaanza kuuza nyanya na dagaa wa omena sokoni. Soko lile lile ambalo lori langu lilipita mbele yake mara tatu kwa wiki. Nilikuwa nikifika hapo natazama upande wa pili.

Mwaka jana Liz alianza kuunda kifaa hiki. Cha kwanza hakikufaa. Brashi ilipita, wadudu wakapakaa, kioo kikawa kibaya kuliko kabla. Alibadilisha brashi, akabadilisha sabuni, hali ikawa ile ile. Ndipo mlinzi wetu wa zamani, mzee Nicanor, akamwambia, "Unajisumbua. Mtu anayejua hawa wadudu ni mmoja, na yuko Migori." Liz hakuwa nasi miaka ile, hakujua habari. Alipanda gari akaenda Suna, akamtafuta, akamwomba aje.

Na Mama Zilpah akaja. Alhamisi moja alasiri nilikuwa nafunga turubai nikamwona pale langoni, anaandika jina lake kwenye kitabu cha wageni. Mtu aliyefanya kazi hapa miaka kumi na minne, anajiandikisha kama mgeni. Alinipita akaniambia, "Oyawore, Wangwe," ingawa ilikuwa alasiri, kisha akaenda zake karakana.

Nilijifanya natafuta spana nikasogea nisikie. Aliangalia kifaa kikifanya kazi mara moja tu. Akamwambia Liz, "Unawasugua wakiwa wakavu. Walowanishe, halafu uwaache. Mimi nilikuwa nahesabu mpaka mia moja."

Liz akamuuliza, "Mia moja yote, mama? Madereva watakubali kungoja?"

Akasema, "Wengine hawakubali. Ndiyo maana nakwambia ukifungie langoni."

Hakunitaja, hakunigeukia, na alijua nimesimama pale. Kwa hiyo mkikiona kifaa kikitulia baada ya kunyunyiza, kinahesabu mpaka mia moja. Hizo ndizo dakika mbili nilizoombwa nikapiga honi.

Niliishi wiki kadhaa na jambo hilo. Mwishowe nikaenda kwanza kwa Mwalimu Omwenga shuleni kwake. Nilimkuta akisahihisha madaftari. Nilimweleza yote nikiwa nimesimama. Alinisikiliza, akafunga kalamu yake, akaniuliza, "Huyo mama aliyefukuzwa, umeshamwona?"

Nikasema, "Bado, Mwalimu. Nimeanza kwako kwa sababu ya mguu."

Akaniambia, "Mguu wangu nimeuzoea. Yeye hawezi kuwa amezoea. Nenda kwake, kisha urudi hapa, tutaongea mimi na wewe."

Nikaenda Suna sokoni. Mama Zilpah alikuwa anapanga nyanya. Nilitaka kupiga magoti, akanizuia. "Wangwe, simama. Watu watadhani umeiba kitu." Nikaanza kuomba msamaha, akanikatiza. "Nilijua utakuja. Sikujua itachukua miaka sita." Nikamuuliza jambo lililokuwa linanikera: mbona aliwasaidia watu waliomfukuza? Akasema, "Liz hakunifukuza. Na Cate wangu sasa ni muuguzi, anasafiri barabara hiyo ya malori yenu kwenda kazini."

Kisha akaniambia maneno yaliyonileta kwenye jukwaa hili. "Usiniombe msamaha hapa katikati ya nyanya. Mimi niliitwa mzembe mbele ya wanachama. Nenda ukaseme mbele ya wanachama."

Mheshimiwa, Bwana Mwenyekiti, ndugu wanachama: nasema mbele yenu. Zilpah Awuor hakuwa mzembe. Alikuja mapema, akaweka ngazi, akanionya, akaniomba dakika mbili. Mimi Cephas Wangwe nilikataa, nikaendesha nikiwa sioni, nikamgonga Mwalimu Omwenga, kisha nikanyamaza ili mwingine aadhibiwe. Juzi nilikwenda kituo cha polisi nikaandika maelezo mapya. Yatakayofuata huko nitayapokea. Mke wangu nimemwambia. Alilia, na leo amekuja nami.

Bwana Katibu, naomba jambo. Katika kitabu cha kumbukumbu za mikutano kuna ukurasa unaosema ajali ile ilitokana na uzembe wa mwoshaji. Kama wanachama watakubali, ufungue ukurasa huo leo, watu wakiwa hapa, uandike chini yake yale niliyosema, nami nitatia sahihi.

Madereva vijana, nimewasikia mkilalamika kwamba kifaa kinachelewesha. Ni kweli kinachelewesha. Kaeni kwenye usukani mhesabu nacho. Kama mtu atawauliza mbona mmefika mmechelewa Migori, mwambieni mlikuwa mnaoshewa kioo, na mwenye hasira anitafute mimi. Nitakuwa nyumbani, nina nafasi.

Mwalimu Omwenga, ulisema nirudi tuongee. Nilirudi, na niliyoyasikia kwako siku ile nayaweka moyoni, hayahitaji kipaza sauti. Asante kwa kunipa kiti.

Kamati imemwomba Mama Zilpah arudi kazini, asimamie kifaa hiki na kuwafundisha watakaokihudumia. Amesema atafikiri. Tafadhali msimharakishe. Ana biashara yake, ana maisha aliyoyajenga upya bila sisi, na hatumdai chochote.

Mama Zilpah, nakuona pale kando ya Cate. Nimesema mahali uliponiagiza. Naomba unisamehe. Si lazima unijibu leo, na kama huna jibu kabisa, hiyo ni haki yako.

Nawashukuru nyote kwa kuvumilia kunisikia, hasa mlioumia kusikia. Katika programu mliyo nayo, baada yangu anakuja msanii wa ngoma. Nimemwomba angoje kidogo, naye amekubali. Miaka sita iliyopita, katika mkutano ule, niliposema sikumbuki vizuri, Mama Zilpah alianza kunijibu akaambiwa aketi kabla hajamaliza sentensi yake, na mimi nilikuwa nimeketi hatua tatu kutoka kwake nikashukuru kimoyomoyo. Sijui alikuwa anataka kusema nini. Ninashuka sasa, na kipaza sauti nakiacha hapa wazi, akipenda aje amalizie.