Mama Vuguvugu Anatoka Bwawani

Ijumaa hii, tarehe ishirini na nane, mtaalamu wetu wa tiba ya viungo anastaafu baada ya kuitumikia shule hii ya michezo kwa miaka thelathini na mmoja. Katika barua za utumishi ana jina kamili na cheo kirefu. Sisi wengine, kuanzia mkuu wa shule hadi wapishi, tunamwita Mama Vuguvugu, na mwenyewe huitika.

Jina hilo lilizaliwa bwawani. Alipoajiriwa alikuwa binti mwembamba mwenye cheti kipya na viatu vya kuazima kwa dada yake. Akakabidhiwa chumba cha nyuma ya ukumbi wa mazoezi, chenye bwawa dogo ambalo waogeleaji walilikimbia walipojengewa kubwa. Boila yake ilikuwa imekufa. Akamwandama fundi hadi kantini, akamwandama hadi kituo cha basi, mpaka fundi akaona heri aitengeneze apate amani. Boila ikafufuka, lakini haikuwa na nguvu za zamani. Ilitoa maji ya uvuguvugu tu, na hayo ndiyo aliyoyataka. Kocha mmoja wa enzi hizo alimwonya kwamba jina analoitwa si zuri, maana mtu vuguvugu ni mtu asiye na msimamo. Akajibu kwamba kuna vuguvugu la maji na kuna vuguvugu la mabadiliko, basi kocha avute subira aone amepewa lipi.

Aliyewahi kuingia chumba kile alasiri hawezi kukisahau. Madirisha yako juu, ya vioo vya ukungu, na mwanga hushuka polepole kupitia mvuke kama unaotafuta mahali pa kukaa. Dari lote hutembea, kwa sababu maji yanachora juu yake. Mpira unaodundwa ukumbini, filimbi, kelele za makocha, vyote hufika pale vikiwa vimechoka, kama habari za nchi nyingine. Majeruhi hulala chali juu ya maji, naye huweka kiganja chini ya shingo na kusema neno moja tu: "Elea." Vijana walioingia wakiwa wamekaza meno walijikuta wakimweleza mambo ambayo hawajawaeleza mama zao. Hakuwa akiwauliza. Nadhani ndiyo sababu walisema.

Mwanamieleka mmoja aliwahi kulala mle akakoroma hata timu ya mpira wa wavu ikaja mbio kuuliza kama boila imepasuka. Tena, kwa miaka yote hii Mama Vuguvugu hakujifunza sheria za mchezo hata mmoja. Fainali zote alihudhuria, na mara nyingi alipiga makofi upande usiostahili. Siku mshambuliaji wetu alipofunga bao la ubingwa na uwanja mzima ukasimama, yeye alibaki amekaa, amekunja uso. "Kifundo kile cha mguu bado," alisema. Na kweli, kifundo kilikuwa bado.

Mwaka nilioajiriwa kuwa msaidizi wake, kipa wa timu ya wasichana ya mpira wa mikono aliumia bega. Tulimwita Ukuta, kwa kuwa mipira haikuwa ikipita. Alipasuliwa, akarudi shuleni na vidonge vikali vya maumivu, vile vya jamii ya afyuni, vya kutumia siku chache za mwanzo. Mama Vuguvugu hajawahi kuvitukana vidonge hivyo. Husema ni dawa nzuri mahali pake na kwa muda wake. Shida ni kwamba muda ulipita na Ukuta hakuacha. Vyake vilipokwisha alipewa masalio na mchezaji mwenzake aliyeng'olewa jino, na hayo yalipokwisha akapata vingine kwa binamu yake mjini. Fainali zilikuwa zinakaribia. Kila aliyekutana naye kwenye korido alimuuliza, "Bega linaendeleaje?" na kila mmoja alimaanisha, "Utadaka?"

Alasiri moja Ukuta alikuwa peke yake majini, nami nikikunja taulo. Mama Vuguvugu alikaa ukingoni, miguu ndani ya maji.

"Mama," Ukuta alisema kwa sauti ya mbali, "leo siumwi popote. Najiona kama wingu."

Mama Vuguvugu akatabasamu. Kukafuata kimya, kimya kizuri kabisa, kiasi kwamba niliendelea kukunja taulo zangu huku nikitazama mwanga ukicheza darini. Sikuona hatari yoyote. Kisha nikasikia maji yakipasuka, nikageuka. Mama Vuguvugu alikuwa ameingia na sketi yake, na viatu, na saa mkononi, amemwinua binti kidevu juu ya maji. Uso wa Ukuta ulikuwa umetulia kama wa mtu anayeota mambo mema. Midomo ilikuwa imepoteza rangi. Alivuta pumzi moja, halafu hakuna kitu, hakuna kitu, halafu nyingine.

"Kamwite sista," akaniambia, bila kupaza sauti. "Kimbia."

Sista wa zahanati yetu alikuja na kifaa cha kusaidia pumzi, akamshikilia hapo hapo kwenye sakafu yenye maji mpaka gari la wagonjwa lilipofika na sindano ya kumzindua. Ukuta aliamka akilia, tena amekasirika, kama mtu aliyetolewa nyumbani kwake kwa nguvu. Saa ile ya mkononi haikupona, ingawa mume wa Mama Vuguvugu ni fundi saa na alijitahidi.

Kesho yake tulimkuta Ukuta hospitalini, ameegemezwa kwenye mto. Mama Vuguvugu alimchana nywele kwanza. Ndipo akauliza alikuwa amemeza vingapi.

"Vitatu. Kimoja siku hizi hata sikisikii."

"Na kuna mwingine pale shuleni anayevimeza?"

Ukuta akageukia ukutani.

"Sitaki majina, mwanangu. Nataka kujua kama leo jioni kuna mtu anaweza kulala asiamke."

Binti alivuta shuka hadi kidevuni. "Wapo," akasema mwishowe. "Wawili ninaowajua. Ukisema, watafukuzwa."

Alisema kweli. Sheria yetu ya wakati huo haikuwa na kona. Aliyekutwa na dawa zisizo zake aliondoka na begi lake siku hiyo hiyo. Njia nzima ya kurudi Mama Vuguvugu alitazama nje ya dirisha la gari, maduka yakipita, watu wakipita. Tulipofika hakwenda bwawani. Alikwenda moja kwa moja ofisini kwa mkuu wa shule, nami nikamfuata kwa kuwa hakuniambia nisimfuate.

Ndani tuliwakuta kocha wa mpira wa mikono, na bibi yake Ukuta, aliyemlea tangu akiwa mchanga. Bibi alikuwa amekaa ncha ya kiti, mkoba mapajani, kama mtu aliyeambiwa basi linaondoka sasa hivi.

"Sheria iko wazi," mkuu wa shule alisema. Hakuwa mtu mkatili, na sauti yake ilionyesha hakulala vizuri.

"Iko wazi, Mkuu," Mama Vuguvugu akajibu. "Ndiyo maana wanajificha. Kuna wengine. Nikikutajia, utawafukuza, na watakwenda kuendelea huko ambako hatuwaoni. Nisipokutajia, mmoja anaweza kufa humu humu. Nipe njia ya tatu."

"Njia gani?"

"Anayekuja mwenyewe atibiwe. Asifukuzwe."

"Na wazazi wa wengine wakiniuliza kwa nini nafuga watumiaji wa dawa?"

Hapo Bibi akasafisha koo. "Mwalimu, samahani nikuingilie. Mimi nilikuletea mtoto akiwa na bega zima. Sikulaumu, michezo ndivyo ilivyo. Lakini ukinirudishia akiwa hivi, mimi na umri huu nitamshika na mikono gani?"

Kocha, ambaye kwa kawaida humaliza maneno ya watu, alikuwa akitazama viatu vyake.

"Kila asubuhi nilimuuliza kama atadaka fainali," akasema. "Kila asubuhi. Sikuwahi kumuuliza kama analala."

Mkuu wa shule alisimama, akaenda dirishani. Uwanjani wanafunzi walikuwa wakizunguka, wadogo wadogo kwa umbali, na vumbi jepesi likiwafuata nyuma. Alikaa pale mpaka kundi zima likamaliza mzunguko. "Mpaka mwisho wa muhula," akasema bila kugeuka. "Tujaribu mpaka mwisho wa muhula."

Tangazo lilitolewa asubuhi iliyofuata. Siku ya kwanza hakuja mtu. Siku ya pili alikuja mmoja, akadai goti linamuuma, akaelea hadi vidole vikakunjamana, na alipokuwa akijifuta ndipo akasema alilokuwa amekuja kusema. Baada yake wakaja wengine, na karibu wote walianza na goti. Wiki hiyo shule nzima ilionekana kuwa na ugonjwa wa magoti. Hawakuwa wawili. Kati yao alikuwamo nahodha wa wakimbiaji, kijana ambaye kila mzazi alitamani awe wake. Mama Vuguvugu aliwapokea kwa uso ule ule na taulo zile zile, akawapeleka kwa daktari mmoja mmoja. Muhula ulipokwisha, mkuu wa shule hakulizungumzia tena suala la kujaribu. Sheria ikabaki ilivyobadilika.

Fainali tulicheza bila Ukuta, na tulifungwa vibaya. Kocha alikubali lawama zote, akala chakula cha jioni na timu yake, akawaambia ameshawahi kufungwa zaidi ya pale.

Ukuta mwenyewe alipita njia ndefu. Daktari alimpunguzia dawa kidogo kidogo, na hata hivyo mwili ulidai. Alitoka jasho, alitetemeka, alimchukia kila mtu kwa zamu, na zamu ya Mama Vuguvugu ilikuwa ndefu kuliko zote. Likizo ikaja, akateleza. Muhula ulipofunguliwa alikuja bwawani na sare yake, akasimama mlangoni.

"Mama, nimerudia."

"Umerudi," Mama Vuguvugu akamwambia, akampa taulo.

Golini Ukuta hakusimama tena. Leo ni mpima ardhi, na ana binti asiyependa mpira hata kidogo, jambo linalomfurahisha sana Bibi, ambaye bado yupo na bado huketi ncha ya kiti.

Yanayofanyika hapa shuleni siku hizi yanaonekana ya kawaida hata wanafunzi wapya hudhani yalikuwapo tangu jengo lijengwe. Vidonge vikali hukaa zahanati na sista hutoa dozi kwa dozi. Mzazi huelezwa. Siku ya kuacha hupangwa na daktari kabla kidonge cha kwanza hakijamezwa, na masalio hurudishwa famasi. Mwanzo wa kila msimu timu huletwa bwawani, wachezaji wakavua viatu na kutumbukiza miguu majini, naye Mama Vuguvugu akawaeleza taratibu kwamba dawa ya mwenzako si dawa yako hata kama mmeumia mahali pamoja, kwamba usingizi mzito wenye pumzi za kuhesabika si usingizi wa kuachwa uendelee bali wa kuita msaada, na kwamba kusema "naumwa" hakujamtoa mtu kwenye timu. Shule nyingine zimetuma walimu wao kuja kusikiliza. Nao huambiwa wavue viatu.

Hakuwapata wote. Kulikuwa na mruka juu aliyeacha shule kabla hatujajua lolote, tukapata habari zake akiwa ameshazikwa. Mama Vuguvugu humtembelea mama yake kijana huyo hadi leo. Huwa hasemi anakwenda wapi, ila akirudi hukaa na miguu majini muda mrefu, na sisi humwacha.

Kuhusu kustaafu, mipango yake ni mifupi. Anasema miaka thelathini na mmoja amewalaza watu alasiri, sasa anataka kulala yeye. Mumewe ameahidi kusimamisha saa zote za nyumba nzima.

Mwanzoni mwa wiki hii aliletwa mkimbiaji wa mwaka wa kwanza, amevunjika kifundo, uso umekauka kwa maumivu. Alielea kimya. Mwanga ukawa unatembea juu ya kifua chake.

"Yataisha lini, Mama?" akauliza.

"Sijui, mwanangu. Kila siku yatapungua kidogo, na siku nyingine hayatapungua. Mimi nipo mpaka Ijumaa."

"Na Jumatatu?"

Mama Vuguvugu aliondoa kiganja chake chini ya shingo ya mtoto yule, polepole, akanitazama. Nikavua viatu, nikaingia majini, nikaweka changu.

Mama, kwa niaba ya makocha, sista, wapishi, fundi boila, na vijana wote uliowashika shingo, tunakushukuru. Nenda kapumzike. Uwe na siku ndefu, alasiri tulivu na usingizi mtamu ambao ni wako mwenyewe.