Aliyechagua Pedi kwa Shavu

Baada ya miaka thelathini na saba ya kung'arisha magari ya mazishi ya kampuni yetu hapa Kanazawa, Bwana Sadamori Kuwabara anastaafu rasmi tarehe 31 Machi. Aliingia akiwa kijana mwenye nywele nyingi. Anatoka na nywele chache na mikono ileile. Ofisi imeniomba mimi, dereva Shinobu Tanigawa, niandike wasifu wake kwa ajili ya jarida letu, na nimeagizwa niandike kwa furaha. Nitajitahidi, ila nasema mapema kwamba sijafurahi hata kidogo.

Bwana Kuwabara alianza kama mwosha magari. Mwaka wake wa pili alikabidhiwa mashine ya polishi, na tangu siku hiyo hakuna aliyemnyang'anya. Wapo wanaodhani gari jeusi la mazishi linahitaji kuoshwa tu na kufutwa. Yeye hakukubali. Alituambia kwamba wafiwa huinamisha vichwa kutoka nyumbani hadi garini, na wanapoinua macho kwa mara ya kwanza, kilicho mbele yao ni mlango wa gari letu. "Mtu amelia usiku kucha," alikuwa akisema, "halafu umwonyeshe uso wake umechanwachanwa na mikwaruzo? Hapana bwana, hiyo ni kumwongezea msiba."

Enzi hizo alitumia pedi za sufu. Sufu hula rangi upesi na kuondoa mikwaruzo yote, lakini huacha ukungu juu ya rangi nyeusi, na ukungu huo ulimnyima raha. Alikuwa akilalamika kazini, akifika nyumbani anaendelea kulalamika mezani, mpaka mkewe akachoka.

Mkewe aliitwa Yaeko. Alifanya kazi katika kiwanda cha kufuma vitambaa vya nyuzi nyembamba kuliko unywele, maikrofaiba, siku ambazo wengi wetu tulikijua kitambaa hicho kwa kufutia miwani tu. Jioni moja alirudi na vipande vilivyokatwa pembeni mwa majora, akamkalisha mumewe chini na kumpapasa shavuni kwa kimoja baada ya kingine.

"Fumba macho, baba. Hiki na hiki, kipi kinauma?"

"Hakuna kinachouma."

"Basi wewe huna ngozi, una gome. Rudia."

Bwana Kuwabara mwenyewe ndiye aliyetusimulia haya, tena mara nyingi, na kila mara alicheka pale pale kwenye gome. Alirudia hadi shavu lake likajua tofauti kati ya vinyweleo vya kitambaa virefu na vifupi, vinavyolala na vinavyosimama. Kisha Yaeko akakata duara, akalishonea kwenye sponji kwa uzi wa buluu, na pedi ya kwanza ikaja kazini.

Ilidumu dakika chache. Mashine iliposhika kasi pedi ilifyatuka, ikapita juu ya gari namba moja na kutua ndani ya bakuli la tambi la Bwana Minamide, ambaye leo ni mkuu wa gereji. Bwana Minamide aliitoa kwa vijiti, akaikamua, akamrudishia mwenyewe, akaendelea kula. Yaeko alipopata habari alishona upya kwa mishono ya karibukaribu, na pedi zake hazikufyatuka tena. Kwa miaka mingi magari yetu yaling'arishwa kwa pedi zilizoshonwa jikoni kwake, na makampuni mengine yalituuliza tunanunua wapi.

Baadaye pedi za maikrofaiba za viwandani zilijaa sokoni, na wachuuzi wakaanza kubisha hodi. Bwana Kuwabara aliwapokea kwa adabu na chai, akafumba macho, akaweka kila pedi shavuni. Mchuuzi mmoja kutoka Osaka, ambaye mdomo wake haujui kupumzika, alimwuliza, "Kuwabara-san, unanunua pedi au unachagua mto?"

"Mto nikikosea, naumwa shingo mimi," alijibu. "Pedi nikikosea, anaumia mfiwa."

Aliyoyajua kuhusu pedi hayakuandikwa popote, kwa hiyo nayaweka hapa machache niliyoyaokota nikimsubiri amalize gari langu. Rangi zetu nyeusi ni laini, hujikwaruza hata kwa kutazamwa, nazo zinataka pedi yenye vinyweleo vifupi na sponji nyembamba nyuma yake, isiyoyumba. Rangi ngumu ya yale magari meupe ya kuchukulia maiti hospitali huvumilia vinyweleo virefu zaidi. Anza siku zote na pedi ya upole, kwenye sehemu ndogo isiyoonekana. Ikishindwa ndipo upande ngazi. Ukimaliza kipande kimoja cha bati, badilisha pedi au ipulize kwa hewa, maana vinyweleo vilivyoshikana na dawa ya polishi having'arishi tena, vinasugua tu. Pedi ikikuchoma kiganja, simama. Zaidi ya yote alitukumbusha kwamba gari halirudishiwi rangi kwa polishi. Kila mng'ao unapatikana kwa kupunguza kidogo tabaka la juu, na tabaka hilo lina mwisho.

Yaeko alifariki miaka kumi na miwili iliyopita, msimu majani yanapogeuka rangi. Bwana Kuwabara alilipiga polishi mwenyewe gari lililombeba, na nilipotaka kumpa pole alinionyesha kwa kidole doa la maji kwenye kioo cha gari langu. Basi nikalifuta.

Aliendelea kutumia pedi za mkewe, na pedi hazina umri mrefu. Moja ilichanika, nyingine ikaungua kwa joto, nyingine vinyweleo vikalala visiamke. Ikabaki moja. Hiyo aliifunga kwenye kopo la biskuti na kuiweka juu kabisa ya rafu, na hakuna aliyehitaji kuambiwa asiiguse. Kuanzia hapo alinunua za dukani kama kila mtu, na alizitumia vizuri. Lakini wachuuzi walipokuja, aliikalisha pedi shavuni muda mrefu kuliko unaohitajika kuchagua pedi. Macho amefumba, chai inapoa. Kisha aliirudisha na kusema, "Nzuri. Nipe mbili." Sote tulijua alikuwa akimtafuta nani.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo kwa ajili yake nilikubali kuandika.

Mama yangu alikuwa mcheshi. Tangu nilipoanza kuendesha gari namba tatu, kila nilipopita mtaani kwetu alisimama kibarazani, akaliinamia kwa heshima, kisha akanipungia mkono bila heshima yoyote. "Mimi nitapanda la binti yangu," aliwaambia majirani. "Nimeshaweka nafasi." Aliniambia pia nisiendeshe haraka siku hiyo, maana hajawahi kupanda gari zuri na angependa afaidi. Alifariki mwanzoni mwa Februari mwaka huu, na hilo la namba tatu ndilo peke yake alilokuwa ameomba.

Asubuhi ya siku ya mkesha wa mazishi yake theluji ilianguka, hii yetu nzito iliyojaa maji. Dereva wa zamu aliyeletwa kunishikia nafasi alikuta gari namba tatu limefunikwa. Alitoka tawi la kusini ambako theluji huonwa kwenye televisheni. Kwa nia njema kabisa alichukua ufagio wa mianzi na kulifagia, paa, boneti na mlango wa nyuma, njiti zikichora rangi kila zilipopita. Wenyeji mnaosoma hapa najua mmeshika vichwa. Mimi wakati huo nilikuwa nyumbani nimekaa kando ya mwili wa mama na sikujua lolote. Niliyasikia haya kutoka kinywani mwa Bwana Minamide, baadaye.

Bwana Minamide anasema alisimama mbele ya gari na kuamuru kesho litoke gari letu jingine, lile la kijivu. Bwana Kuwabara alichukua kipimo cha unene wa rangi, akalizunguka gari lote. Kwenye ukingo wa paa na kwenye mlango wa nyuma, tabaka la juu lilikuwa limebaki jembamba mno, kazi ya miaka yote ya kulitunza. Alijaribu pedi ya sponji karibu na taa: mikwaruzo ilimcheka. Alishika pedi ya maikrofaiba ya dukani, akaiweka shavuni, akaishusha. Hiyo ingeondoa mikwaruzo pamoja na rangi.

"Tumpe la kijivu," Bwana Minamide alirudia. "Tanigawa ataelewa."

"Ataelewa, ndiyo," alisema Bwana Kuwabara. "Mama yake je?"

Akavuta ngazi, akateremsha kopo la biskuti.

Kesho yake mama alitoka nyumbani kwa gari namba tatu. Bwana Minamide ndiye aliyeendesha; mimi nilikaa kando yake na picha ya mama mapajani, mahali ambapo nimewaona wafiwa wengi wakikaa nisijue kunavyokuwa. Kulikuwa na jua kali juu ya theluji. Niliufungua mlango wa gari ninalolijua kuliko nyumba yangu, na sikuona hata mkwaruzo. Bwana Minamide aliendesha polepole mno hata basi moja likatupigia honi, na nilicheka nikilia, nikimshikilia mama kwenye fremu yake.

Niliporudi kazini, kwenye kamba ya kuanikia pedi niliona vitu viwili vya ajabu: duara la sponji tupu, na kando yake duara la kitambaa lenye nyuzi za buluu zilizokatika. Bwana Kuwabara alikuwa akisuuza nyingine kwenye beseni. Bwana Minamide alinivuta pembeni akanieleza kwamba ni pedi ya Yaeko pekee iliyoweza kuondoa mikwaruzo bila kumaliza rangi, nami nikarudi kwenye beseni.

"Ya nini kuifua, Kuwabara-san?" ndilo lililonitoka. "Si imeshakwisha?"

"Imetoka kazini," alisema. "Kinachotoka kazini kinafuliwa."

Alikamua pedi aliyoshika, akaianika, akakunja mikono ya koti. Ndipo akasema, bila kunitazama, kwamba alikuwa ameitunza ili Yaeko asiishe, na kwamba ilipoanza kuzunguka juu ya paa alisikia ule mlio wa zamani, akatamani paa liwe refu zaidi. Nilichukua pedi moja kutoka kwenye beseni, nikaikamua na mimi.

Mwezi huu nilikwenda kwenye kiwanda alichofanyia kazi Yaeko, nikitumaini kupata hata kipande cha kitambaa kile, kiwe zawadi yetu ya kumuaga. Mitambo ilishauzwa, na jengo sasa ni ghala la peremende. Mlinzi alinipa mfuko mmoja kwa kunihurumia. Kwa hiyo zawadi rasmi ni siku mbili kwenye chemchemi za maji moto za Yamanaka, pamoja na mfuko wa peremende. Tumejitahidi, tumeshindwa, tusamehe.

Kuwabara-san, wenzako wote tunakushukuru. Tunakuombea asubuhi zisizo na saa ya kengele, mgongo uliotulia, na mtu wa kucheka naye ukifika pale kwenye gome. Jioni wewe utakuwa na wa kumkumbuka, nami nina wangu. Kazi ya mwisho ya mikono ya Yaeko ilimpeleka mama yangu, na ulipoitoa ulijua hutapata nyingine. Asante. Uishi salama.