Papa Melchior, Fundi Aliyepandisha Kamba

Tarehe 31 Agosti 2001 Papa Melchior Mathe anaweka chini turnevisi yake, ile bisibisi ya kazi. Ametengeneza gitaa miaka thelathini na mitatu katika atelye ya parokia yetu hapa Bulengera, na hii mitano ya mwisho ameifanya ndani ya vita.

Mwaka 1968 alikuwa seremala wa mabenchi ya kanisa tu. Siku moja wakamletea gitaa ya mbao, kamba ziko juu mno, vidole vya wanakwaya vinatoka damu. Akachomoa kale kafupa kanakobeba kamba, akakapiga msasa kidogo kidogo, akakarudisha. Tangu siku ile mabenchi yalimkosa.

Kipimo chake kilikuwa kadi ya ubatizo ya binti yake Kaswera, imekunjwa mara mbili. Ikipita chini ya kamba kwa kuigusa kidogo tu, basi, imetosha. Kaswera alipotaka kufunga ndoa, padri alifungua kadi akakuta mafuta na mistari ya kamba, jina halisomeki. Akamwandikia ingine. Papa Melchior akaomba abaki na ile ya zamani.

Mwaka 1999 askari watatu walikuja kuchukua gitaa ya umeme ya kwaya, ile moja tu tuliyo nayo, kwa dansi ya mkubwa wao. Wakaamuru kwanza kamba zishushwe, ziwe nyepesi. Papa Melchior akakaza visi, zile skrubu ndogo zinazobeba kamba, upande wa kupandisha, mpaka kidole kingepita chini ya kamba. Mmoja wao, mpigaji, akabana kamba mara moja, akatoa mkono.

"Muzee, mbona inauma hivi?"

"Inaumaka tu mikono yenye haifanyake kazi."

Alipigwa kofi. Hakuinamisha kichwa. Waliiacha gitaa palepale, na Dominika ile kamba zilikuwa zimeshashushwa, kwaya ikapiga milango yote ikiwa wazi.

Sasa macho yake yamechoka, na wengine wanasema atelye ifungwe, gitaa ikafichwe Beni mpaka vita iishe. Hapana. Amenifundisha miaka minne, mtoto wangu akiwa mgongoni. Leo ananiachia ufunguo, na Jumatatu saa mbili asubuhi mlango utafunguliwa.

Aksanti sana, Papa. Tunakuombea siku nyingi na mke wako Mama Joyeuse kule shambani Mulekera, na usingizi usio na hofu. Gitaa inabaki Bulengera, na sisi hatuhami.